Kupanga mchana na usiku wa nyoka wa kufugwa ukiwa Mwanza

Miongozo mingi ya kufuga nyoka imeandikwa na watu wa Ulaya na Marekani, na kinachowasumbua zaidi ni mchana. Mwezi Desemba pale London jua huzama kabla ya saa kumi jioni, kwa hiyo mfugaji hana budi kumwongezea nyoka wake mchana wa taa. Sisi wa Mwanza tuko kama nyuzi mbili na nusu kusini mwa ikweta. Mchana wetu mrefu kuliko wote na ule mfupi kuliko wote havipishani hata nusu saa, na mwanga wa dirishani peke yake unatosha kumjulisha nyoka kwamba kumekucha. Tunachomnyima ni usiku. Televisheni inawaka sebuleni hadi saa tano, taa ya ulinzi ya jirani inapenya pazia, mtoto anaamka kunywa maji na kuacha taa ya korido inawaka. Chatu ni mnyama wa gizani. Anangoja taa zizimwe ndipo atoke mafichoni, azunguke, atafute chakula, na giza lisipofika kwa wakati anabaki amejikunja palepale.

Kwa hiyo katika mfumo ninaoueleza hapa kuzima ndiyo kazi kubwa, kuwasha ni nyongeza. Na saa ya mfumo huo lazima iendelee kutembea hata umeme ukikatika mara tatu kwa siku.

Kabla ya waya, karatasi. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 hairuhusu mtu kuokota mnyamapori na kumweka ndani bila kibali, na chatu wako pia katika orodha za CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini. Chatu uliyemkuta kwenye majaruba ya mpunga si wako hata kama umemlisha mwaka mzima. Nenda ofisi ya wanyamapori uulize kibali kabla ya kununua hata balbu moja. Vikundi vya ngoma ya nyoka vya Kisukuma, kama vile wanavyoviona wageni wa makumbusho ya Bujora, navyo vinahusika, na sehemu kubwa ya mwongozo huu inawafaa, maana chatu anayeshikwashikwa mchana mbele ya watu anahitaji usiku wake kuliko mwingine yeyote. Wenye swila, koboko au kifutu, mwongozo huu hauwahusu. Hao hawafugwi chumbani.

Hatua ya kwanza: tenganisha mwanga na joto

Hapa ndipo mifumo mingi inapoharibikia. Mtu ananunua balbu moja kubwa, anaitegemea kwa mwanga na kwa joto, kisha anaifunga kwenye taimera. Mchana mambo yanakwenda vizuri. Usiku taimera inazima na joto linakwenda nalo. Mwezi Julai baridi ya usiku nje inaweza kufika nyuzi 16 au 17, na chumba chenye bati bila dari hakitofautiani sana na nje. Mfugaji akiona nyoka amepoa, anaiacha balbu iwake usiku kucha, na giza limeshatoweka.

Tumia njia mbili. Njia ya mwanga ina taa ya LED nyeupe, wati 8 hadi 12 kwa kizimba cha mita moja na kitu, nayo inapita kwenye taimera. Njia ya joto ina mkeka wa joto au balbu ya seramiki isiyotoa mwanga, nayo inapita kwenye themostati, saa 24, bila kuguswa na taimera. Themostati ndiyo inayoamua lini ipashe na lini iache. Kwa chatu, upande wa joto uwe nyuzi 31 hadi 33, upande wa baridi 24 hadi 27, na usiku joto likishuka kidogo hakuna neno. Nyoka wa mahindi (Pantherophis guttatus), ambaye asili yake ni kusini-mashariki mwa Marekani, anavumilia usiku wenye baridi kuliko chatu, na kwa miezi mingi ya hapa kwetu hatahitaji joto lolote la usiku.

Kama unapenda balbu ya halojeni ya kuota jua, iweke, lakini iwe ya mchana tu na ipite kwenye themostati ya kufifisha, ile inayopunguza nguvu polepole. Themostati ya kawaida ya kuwasha na kuzima itaifanya balbu imulike na kufa, imulike na kufa, kutwa nzima. Hata wewe mwenyewe hutakaa chumba hicho.

Balbu nyekundu za usiku zinauzwa sana, zikiambatana na maelezo kwamba nyoka hazioni. Usinunue. Mwanga mwekundu nao ni mwanga, na kazi ya joto balbu ya seramiki inaifanya gizani bila kumsumbua mtu. Seramiki ina hatari yake: uso wake unapita nyuzi 200. Ifungie kwenye holda ya kauri, kamwe si ya plastiki, na uizungushie wavu wa chuma ambao nyoka hawezi kupenya. Chatu atajaribu kujizungusha kwenye kitu cha moto, na utakuja kuona kidonda kesho yake.

Hatua ya pili: amua saa

Kwa chatu wetu wa Afrika, kwa chatu mdogo wa Afrika Magharibi (Python regius) na kwa nyoka wa kahawia wa majumbani, saa 12 za mwanga na 12 za giza zinafaa mwaka mzima. Mwanza jua huchomoza kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa moja kamili asubuhi kutegemea mwezi, na huzama kwa mpishano uleule jioni. Weka taa iwake 06:45 na izime 18:45, basi hutahitaji kugusa taimera tena. Kumbuka tu kwamba taimera nyingi zina saa 24 za kizungu. Saa moja usiku andika 19:00. Ukiiacha kwa kijana wa nyumbani bila kumwandikia, ataweka 1:00 na nyoka atapata mchana usiku wa manane.

Mpangaji wa chumba kimoja ana kazi zaidi. Wewe unarudi kutoka Buzuruga saa mbili usiku, unapika, unaangalia mpira, unalala saa tano. Kizimba kiko hatua mbili kutoka kitandani. Hapo una njia mbili. Ya kwanza, na iliyo rahisi, ni kizimba cha mbao chenye kioo mbele tu, na pazia zito la kushushwa saa moja usiku. Ya pili ni kuusogeza mchana wa nyoka: taa iwake 09:00 izime 21:00, nawe uzime ya chumbani au ubaki na taa ndogo inayoangalia ukutani. Njia hii ya pili ina mtego. Jua la dirishani linaingia kabla ya saa moja asubuhi, hivyo usipofunika kizimba mpaka saa tatu, mchana wake utakuwa wa saa 14 na zaidi. Ukiamua kusogeza saa, lazima uzibe asubuhi.

Hatua ya tatu: chagua taimera

Taimera zinazopatikana madukani ni za aina tatu, ya nne unaijenga mwenyewe. Sehemu hii nitaikalia kidogo, kwa sababu umeme wetu ndio unaoamua.

Taimera ya kuzungusha ina gurudumu lenye meno madogo 96, kila jino dakika 15. Unabonyeza chini meno ya saa unazotaka. Ni ya bei nafuu, haihitaji kusoma kitabu, na mota yake ndogo inaendeshwa na umeme wenyewe. Tatizo liko hapohapo. Umeme ukikatika, gurudumu linasimama. Ukikatika kwa muda wa saa mbili Jumatatu na saa tatu Alhamisi, kufika Ijumaa saa yake imebaki nyuma kwa saa tano: taa inawaka karibu saa sita mchana na inazima karibu saa sita usiku. Hakuna alama yoyote inayokuonya. Kwa mtu wa Stockholm ni kifaa kizuri. Kwa Mwanza ninaikataa, labda kama umeapa kuirekebisha kila asubuhi unapomwekea nyoka maji.

Taimera ya kidijiti ya kuchomeka ina betri ndogo ndani inayotunza saa na mpango umeme ukikatika. Hii ndiyo ninayoipendekeza kwa wengi. Ukiitoa kwenye boksi, ichomeke kwanza ukutani usiku mzima ili betri ijae; ukianza kuipanga ikiwa tupu itasahau kila kitu mara ya kwanza umeme ukienda. Kisha weka saa sahihi ukilinganisha na simu. Panga kuwasha 06:45 na kuzima 18:45, na kwenye siku chagua kundi lenye siku zote saba. Hakikisha mwisho umeiacha kwenye AUTO, maana ikibaki kwenye ON haitazima kamwe. Angalia pia kibonye cha RND: kimetengenezwa kuwasha taa ovyoovyo ili mwizi adhani kuna watu nyumbani. Kizime. Na kama kuna alama ya jua au herufi S pembeni ya saa, hiyo ni saa ya kiangazi ya Ulaya, inayosogeza kila kitu kwa saa moja. Tanzania hatuna jambo hilo, iondoe.

Plagi ya Wi-Fi inayopangwa kwa simu inavutia vijana. Uzuri wake unaweza kuona ukiwa safarini Geita kama taa imezimika. Ubaya wake ni kwamba nyingi hazina betri ya saa ndani. Umeme ukirudi, plagi inauliza intaneti ni saa ngapi. Ruta ikichelewa kuwaka, au bando likiwa limeisha, plagi haijui kama ni asubuhi au usiku na mpango unalala. Pia nyingi zinafanya kazi kwa tukio: saa 18:45 ikifika, zima. Kama saa 18:45 umeme haukuwepo na ukarudi saa 19:30, tukio limeshapita, na taa inaweza kurudi ilivyokuwa, yaani inawaka. Kwenye programu ya plagi kuna mahali pa kuchagua hali yake umeme unaporudi. Chagua kuzimwa. Bora nyoka akose mwanga wa taa asubuhi moja, dirisha lipo.

Kwa anayependa kujenga

Mtu anayejua kushika pasi ya kulehemu (soldering iron) anaweza kutengeneza taimera bora kuliko zote za dukani. Utahitaji bodi ya Arduino au ESP8266 (kompyuta ndogo unayoiandikia programu), rilei ya ampia 10, yaani swichi inayoamriwa na bodi, na moduli ya saa ya DS3231. Saa hii inapotea kwa kiasi cha dakika moja hivi kwa mwaka, na betri yake bapa ya CR2032 inaitunza hata umeme ukatike wiki nzima.

Kuna jambo ambalo mafunzo mengi ya video hayasemi. Moduli nyingi za DS3231 za bei nafuu zina njia ya kuchaji betri, iliyowekwa kwa ajili ya betri aina ya LIR2032. Ukiweka CR2032, ambayo haichajiwi, na ukailisha moduli volti 5, inasukumiwa umeme isiouhitaji na inaweza kuvimba. Lisha moduli volti 3.3, au ng'oa ile rizista ndogo iliyo jirani na dayodi ya kuchajia.

Katika programu, usiandike amri za matukio. Andika hali. Kila dakika bodi isome saa na ijiulize swali moja: sasa ni kati ya 06:45 na 18:45? Kama ndiyo, taa iwake. Kama hapana, izime. Hivyo umeme ukirudi saa yoyote, ndani ya dakika moja mfumo umeshajua unatakiwa uweje, na hakuna tukio linaloweza kupitwa. Mistari michache tu, lakini ndiyo inayofanya kifaa kifae kwa umeme wa kukatika.

Ukitaka alfajiri na magharibi ya polepole, tumia ukanda wa LED wa volti 12 na mosfeti (swichi ya kielektroniki inayoweza kufifisha mwanga) badala ya rilei, upandishe mwanga kidogokidogo kwa dakika 30. Volti 12 ni salama zaidi kwa anayejifunza, na kwetu vifaa vyake havina shida. Wavuvi wa dagaa walikuwa wakitumia karabai. Siku hizi wengi wana LED za betri na sola, hivyo maduka yanayowahudumia, hasa maeneo ya Mwaloni Kirumba, yana taa, betri na viunganishi vya volti 12 tele. Kama hutaki kuchezea mosfeti, chukua taimera mbili za dukani na taa mbili: ndogo iwake 06:30, kubwa 07:00, jioni kubwa itangulie kuzima. Nyoka hatalalamika kwamba alfajiri yake ina ngazi mbili.

Hatua ya nne: kufunga

Kazi ya volti 230 mpe fundi umeme kama huna uzoefu. Mwambie mambo haya. Soketi, taimera na themostati vikae ubavuni juu ya usawa wa bakuli la maji, kamwe visiwe chini ya kizimba. Kila waya uning'inie chini kidogo kabla ya kupanda kuingia kwenye soketi, ili maji ya kunyunyizia yakitiririka juu ya waya yadondoke sakafuni. Ekstensheni iwe na ethi ya kweli; zipo nyingi zenye tundu la tatu lisilounganishwa na chochote. Kipimio cha themostati kifungwe imara upande wa joto. Kikivutwa na nyoka kikaangukia upande wa baridi, themostati itadhani kuna baridi na itapasha bila kikomo.

Usisahau sisimizi. Wanapenda uvuguvugu wa ndani ya taimera na wataweka mayai humo. Kagua kila mwezi.

Kwa wale wa kando ya ziwa kuna adha nyingine, wadudu wadogo wa ziwani wanaokuja kama wingu la moshi na kujazana penye mwanga. Taa ya kizimba ikiwaka baada ya magharibi na dirisha likiwa wazi, matundu ya hewa yatajaa na bakuli la maji litageuka uji. Hii ni sababu nyingine ya kuzima mapema, na ya kuweka wavu wa mbu kwenye matundu kwa ndani.

Wanaonunua LUKU watauliza gharama. Taa ya LED ya wati 10 kwa saa 12 inakula uniti 3.6 kwa mwezi. Halojeni ya wati 50 kwa muda huohuo inakula 18. Seramiki ya wati 60, ikiwaka nusu ya usiku kwa wastani, inakula kama 11. Jumla ni uniti 32 hivi, na kama nyumba yenu iko kwenye daraja la matumizi madogo lenye kikomo cha uniti 75 kwa mwezi, karibu nusu imeliwa na nyoka. Iondoe halojeni kwanza. Chumba cha Mwanza kina joto la mchana la kutosha kwa mkeka mdogo kumalizia.

Na betri ya akiba? Kwa mwanga, hapana. Umeme ukikatika mchana, dirisha linafanya kazi. Ukikatika usiku, giza ndilo tulilokuwa tunalitafuta. Kinachohitaji akiba ni saa, nayo ina betri yake tayari. Kwa joto, usiku wa Julai funika kizimba kwa blanketi ukiacha matundu ya hewa wazi. Chatu mwenye afya ataumaliza usiku huo bila madhara, ila asiwe amekula siku hiyohiyo. Nyoka aliyeshiba anahitaji joto ili chakula kisiozee tumboni.

Hatua ya tano: pima giza lako

Wiki ya kwanza andika kwenye karatasi saa taa ilipowaka na ilipozima, kisha siku moja zima breka kwa makusudi kabla ya 18:45, uirudishe baada ya saa moja. Taa ikiwaka, rudi kwenye mipangilio.

Kisha ingia chumbani usiku taa zote zikiwa zimezimwa. Kaa dakika 20 macho yazoee, halafu chungulia kizimba kutoka usawa wa nyoka. Utashangaa. Kuna taa ya ruta, taa ya king'amuzi, nukta nyekundu ya ekstensheni, kijani cha taimera yenyewe. Ziba zote kwa tepu nyeusi ya umeme. Wavuvi wa dagaa hupumzika mbalamwezi ikiwa kali kwa sababu taa zao hazivuti tena samaki. Nyoka naye, giza likiwa nusunusu, hajui ashike lipi. Taa ya jirani inayoingia dirishani dawa yake ni pazia zito, au kuzungumza na jirani. Pazia ni rahisi zaidi.

Ukishapata giza, lisha saa moja baada ya taa kuzima, si mchana. Chatu aliyekuwa akigoma chakula anaweza kubadilika kwa hilo tu, ingawa kugoma kuna sababu nyingi nyingine, kuanzia kujivua gamba hadi joto baya.

UVB na misimu

Chatu anaishi bila taa ya UVB, ile inayotoa miale ya urujuanimno kama ya jua. Ukitaka kumpa, chagua yenye nguvu ndogo, iweke kwenye taimera ileile ya mchana, isipite juu ya kioo kwa sababu kioo huzuia UVB, na ibadilishe kila baada ya miezi 12 au kadiri mtengenezaji alivyoandika, maana inaendelea kung'aa hata nguvu yake ikiwa imeisha. Lazima pawe na maficho ambayo mwanga huo haufiki.

Mfugaji wa nyoka wa mahindi anayetaka wazaane ndiye peke yake mwenye shida ya kinyume. Huyu mnyama kwao ana majira: kwenye latitudo ya 30 kaskazini mchana ni kama saa 14 mwezi Juni na saa 10 mwezi Desemba. Mwanza haimpi hayo. Punguza dakika 15 kila wiki, na ndani ya wiki nane utakuwa umetoka saa 12 hadi 10. Joto nalo lishushwe pamoja, tumbo likiwa tupu. Ila kumbuka dirisha. Ukipunguza taa bila kuziba jua, nyoka anaendelea kuhesabu saa 12 zilezile za Mwanza, kwa hiyo kizimba cha majira kinahitaji chumba kisicho na dirisha, au kitambaa cheusi kinachoshushwa na kupandishwa kwa saa ileile ya taimera kila siku kwa wiki zote hizo.